Masomo ya Ng'ambo na Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Chuo kikuu cho chote, kiwe kikongwe au kichanga, hutoa kitabu kinachotaja masomo yafunzwayo ndani yake, na mtu akifungua kitabu hicho hudhani kwamba masomo yote yaliyotajwa yako wazi kwa kila mwanafunzi aliyepokelewa. Kwa mwanafunzi aliyetoka Afrika Mashariki katikati ya karne ya ishirini haikuwa hivyo hata kidogo. Yeye alikuwa na orodha nyingine, fupi zaidi, isiyochapwa po pote. Orodha hiyo ilipangwa na wale waliomlipia nauli na ada, na cheti alichotoka nacho shuleni, na kazi ambayo serikali ilikuwa tayari kumpa siku ya kurudi. Nataka katika insha hii kuifuata orodha hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo, kwa maoni yangu, iliyoamua nchi zetu zianze kujitawala zikiwa na wataalamu wa namna gani, na zikiwa zimewakosa wa namna gani.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba safari ya elimu haikuanza na meli za Ulaya. Wana wa pwani na visiwa walikuwa wakivuka bahari kutafuta elimu zamani sana kabla ya kusikika habari za Makerere. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye akawa kadhi mashuhuri wa Unguja, alisoma Hadhramaut, akafika hata Makka, Misri na Istanbul. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu naye alisoma Makka na Hadhramaut, kisha akafungua darsa Unguja ambamo wanazuoni wengi wa pwani walipata elimu yao. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Katika utaratibu wao hapakuwa na kozi kwa maana tuijuayo leo. Mwanafunzi alimchagua mwalimu wala hakuchagua chuo. Alisoma kwake kitabu fulani cha fiqhi, au cha nahau, au cha hadithi, na alipokihitimu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu kile. Uwanja wa elimu ulikuwa na mipaka yake iliyowekwa na dini na mapokeo, walakini ndani ya mipaka hiyo mtafuta elimu alikwenda alikotaka. Hapakuwa na afisa wa kumwambia kwamba nahau inamfaa lakini fiqhi imezidi cheo chake.

Serikali za kikoloni zilileta utaratibu mwingine kabisa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua hata ikawa chuo cha juu cha Afrika Mashariki yote, ikifunza utabibu, kilimo, uganga wa mifugo na ualimu. Mwaka 1949 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Tangu hapo hoja ya maofisa ikawa nyepesi kueleza: linalopatikana Makerere halina haja ya kutafutwa ng'ambo, na lisilopatikana Makerere litatafutwa ng'ambo ikiwa tu serikali inalihitaji. Msomaji aipime hoja hiyo kwa makini. Haikuuliza mwanafunzi ana kipaji gani, wala haikuuliza watu wa nchi wanahitaji nini; iliuliza idara zina nafasi gani. Matokeo yake ni kwamba wengi waliopelekwa Uingereza walikwenda kusoma ualimu wa juu, au maendeleo ya jamii, au utawala wa serikali za mitaa, au mambo ya ushirika, na wengi wao hawakurudi na digrii bali stashahada au cheti cha mwaka mmoja.

Wapo waliopenya. Julius Nyerere, aliyehitimu ualimu Makerere mwaka 1945 na kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, alifika Edinburgh mwaka 1949 kwa msaada wa serikali. Hakuchukua masomo ya sayansi, wala hakuongeza tu ufundi wake wa ualimu, bali alichukua digrii ya kawaida ya sanaa, ambayo kwa desturi ya Uskochi humruhusu mwanafunzi kupita katika elimu nyingi badala ya kufungwa na moja. Katika miaka mitatu alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia, historia ya Uingereza, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akamaliza mwaka 1952. Wako wanaodharau digrii ya namna hiyo kwa kuwa haimfanyi mtu bingwa wa jambo lo lote. Mimi naona kinyume. Mtu aliyetazamia kuandika katiba, kugombana na watawala juu ya haki, na usiku akitulia kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, asingepata mchanganyiko bora kuliko ule. Katika vyuo vingi vya upande wa kusini wa kisiwa kile, ambako mwanafunzi huchagua somo lake siku ya kwanza na kukaa nalo hadi mwisho, mchanganyiko huo haukupatikana kwa urahisi. Hapa basi mwanafunzi wetu alisaidiwa na desturi ya chuo zaidi ya ukarimu wa waliomlipia.

Lakini mahali orodha ile ya siri inapoonekana waziwazi ni katika somo la sheria. Sheria haikufunzwa Makerere katika miaka hiyo. Kwa mujibu wa hoja ya maofisa wenyewe, hilo lingekuwa somo la kwanza la kutafutwa ng'ambo. Haikuwa hivyo. Serikali za Afrika Mashariki zilikuwa nzito mno kutoa msaada kwa Mwafrika aliyetaka kuwa wakili. Sababu iliyotolewa ni kwamba wakili hujitafutia riziki yake mwenyewe, haajiriwi na idara, kwa hiyo fedha za umma zisitumike juu yake. Sababu isiyotajwa ilijulikana na kila mtu. Huko India na Afrika Magharibi mawakili ndio waliokuwa wamesimama mbele ya vyama vya siasa, na hapana serikali ya kikoloni iliyopenda kulipa ada ya kumfunza mtu namna ya kuishtaki.

Kwa hiyo aliyetaka sheria alizunguka. C. M. G. Argwings-Kodhek wa Kenya alikwenda Wales mwaka 1947 kwa ajili ya elimu ya jamii, kwa kuwa sheria haikuruhusiwa. Akaisoma sheria hata hivyo, na mwaka 1951 akapokelewa uwakili katika Lincoln's Inn. Aliporudi nyumbani alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya, na miaka ya hali ya hatari iliyoanza Oktoba 1952 ikamkuta tayari, akiwatetea watu walioshtakiwa kwa habari ya Mau Mau. Charles Njonjo, mtoto wa chifu, alikuwa na njia nyingine: alikwenda Uingereza kusomea utawala, akabaki kusoma sheria, akawa wakili mwaka 1954 kupitia Gray's Inn. Mmoja alipita kwa ukaidi, mwingine alikuwa na ukoo wenye uwezo. Kwa kijana asiye na hili wala lile, mlango ulikuwa umefungwa.

Wala si kwamba masomo yenyewe yalikuwa magumu kufikiwa. Katika nyumba nne za mawakili za London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, masharti ya kuingia hayakuwa makali kama ya vyuo vikuu. Mwanafunzi alipaswa kushika mihula kumi na miwili, na namna ya kushika muhula ilikuwa kula chakula cha usiku katika ukumbi wa nyumba yake siku zilizowekwa. Mgeni huona jambo hili kuwa kichekesho, mtu kuhitimu kwa kula. Lakini mtu aliyelelewa barazani ataelewa haraka kwamba kula pamoja na wakubwa wa kazi ni sehemu ya kuipokea kazi yenyewe. Kasoro ilikuwa kwingine. Mitihani ilihusu sheria ya Rumi, sheria ya jinai ya Uingereza, mikataba, na sheria ya ardhi ya Uingereza pamoja na historia yake yote ya makabaila. Kijana alirudi Kisumu au Tabora akijua jinsi shamba linavyorithiwa katika wilaya za Uingereza, na asijue neno juu ya ardhi ya ukoo, wala wakfu, wala mirathi ya Kiislamu, ambazo ndizo kesi zilizomngojea mlangoni. Basi hata yule aliyelipata somo alilolitaka hakupata ndani yake yale ambayo nchi yake ilimtaka ayajue.

Waingereza wenyewe walikuja kuliona jambo hilo, lakini kwa kuchelewa. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika ilitoa taarifa yake mwaka 1961, nayo ikapendekeza sheria ifunzwe katika Afrika yenyewe. Mwaka huohuo wa 1961 Tanganyika ilikuwa inapata uhuru, na Waafrika wake waliokuwa mawakili walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wakati huo mlango mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa upande wa magharibi. Tom Mboya, ambaye mwenyewe alikaa Ruskin College huko Oxford mwaka 1955 hadi 1956, aliwapata marafiki Marekani waliounda shirika la kusaidia wanafunzi wa Kiafrika, na Septemba 1959 ndege iliyokodiwa ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kupitia taasisi yao, na hadi mwaka 1963 vijana waliopita njia hiyo walikuwa mamia. Maofisa wa Kiingereza walisema kwamba wengi wa vijana hao wanakwenda katika vyuo vidogo visivyojulikana, na kwamba digrii zao hazitalingana na za London. Maneno hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, kwani vyuo vilitofautiana sana. Walakini waliosema hivyo hawakutaja kwamba Makerere ilikuwa na nafasi chache mno, na kwamba kijana aliyekosa nafasi hiyo hakuwa na chuo kingine cha kwenda.

Tofauti kubwa zaidi, nionavyo, haikuwa ya kiwango bali ya utaratibu. Chuo cha Marekani kilimpokea aliyemaliza shule ya sekondari bila ile miaka miwili ya juu aliyodaiwa na vyuo vya Kiingereza, kikampitisha kwanza katika masomo ya jumla, na kumwacha achague somo kuu baadaye, akiwa amekwisha kuonja mengi. Wangari Maathai, wakati huo akiitwa kwa jina la babaye, Muta, alifika Kansas mwaka 1960 katika chuo cha masista Wakatoliki, Mount St. Scholastica. Alihitimu mwaka 1964 katika biolojia, akiwa amesoma pia kemia na Kijerumani. Kisha alikwenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, akaipata mwaka 1966. Msichana wa Nyeri katika miaka ile, lau angetegemea orodha ya maofisa, angeelekezwa kwenye ualimu au uuguzi, nazo ni kazi za heshima. Lakini asingekuwa mtaalamu wa biolojia.

Upande wa mashariki nako kulikuwa na mwito. Moscow ilianzisha mwaka 1960 chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake. Kilifunza uhandisi, kilimo, utabibu, sayansi, uchumi pamoja na sheria, historia na lugha, baada ya maandalizi ya Kirusi. Kutoka Kenya, Oginga Odinga alikuwa mmoja wa waliowafungulia vijana njia ya kwenda nchi za mashariki. Hapa masomo yalikuwa mapana na ada haikuwapo. Kilichobanwa ni siku ya kurudi, kwa maana baadhi ya waajiri walitazama zaidi mahali digrii ilikotoka kuliko yaliyomo ndani yake. Cairo nayo ilikuwa ikiwapokea vijana wa Unguja na pwani, na mwaka 1961 Al-Azhar yenyewe, nyumba ya fiqhi na nahau, iliongezewa utabibu, uhandisi na kilimo.

Mtu angetazamia kwamba uhuru utaifuta orodha ile ya pili. Haukuifuta, ulibadili mkono ulioiandika. Serikali mpya zilihesabu walimu, madaktari na wahandisi waliotakiwa, zikagawa misaada ya masomo kwa hesabu hiyo, na kumfunga mwanafunzi kwa ahadi ya kutumikia taifa kwa miaka kadha. Sioni haki ya kuwalaumu kwa maneno yaleyale tuliyowalaumu wakoloni, kwa kuwa safari hii fedha zilikuwa za watu wenyewe na hesabu ilifanywa kwa ajili yao. Lakini kijana aliyetaka falsafa akaambiwa asome kilimo cha katani hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Lililobadilika kweli ni kwamba masomo yenyewe yalianza kuja nyumbani. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, na kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wake wa kwanza hawakuzidi kumi na watano. Somo lililonyimwa kuliko yote ndilo lililotangulia kufunzwa. Uhandisi ulikawia zaidi: mpaka mwaka 1973, kitivo chake kilipofunguliwa Mlimani, Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi wa digrii alikwenda Nairobi, au alipanda ndege.