Fedha ya Pindo la Kanga

Kabla ya kusifika kwa uimbaji, Siti binti Saad alikuwa mchuuzi. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo ulioonja utumwa, akauza vyungu vya udongo kwa miguu, mzigo kichwani na sauti ya kunadi mdomoni. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 sauti ile ile ilirekodiwa Bombay katika sahani za santuri. Mwimbaji tunamkumbuka, muuza vyungu tumemsahau.

Usahaulifu huo haukumpata Siti peke yake. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Walioachwa huru hawakugawiwa mashamba. Wanawake miongoni mwao walifinyanga, wakasuka ukili, wakapika na kuuza. Fedha yao ilifungwa katika pindo la kanga, na kwa kuwa haikupita katika daftari la karani, ikadhaniwa haipo.

Iko sababu nyingine, nayo imo majumbani mwetu. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume. Hiyo ni hifadhi kubwa. Lakini kwa kuwa mke hawajibiki, kila anachotoa huitwa hisani, na hisani haiandikwi. Kosa si la sheria, bali ni la wale wanaoigeuza kuwa pazia: mume hutajwa kuwa ndiye mlishaji hata pale ambapo chungu kimewekwa mekoni kwa fedha ya maandazi.

Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanaume wengi walikiacha kwa kuona malipo yake ni haba. Wanawake wakashika kamba na vigingi. Haba ile ikanunua sare za shule, madaftari na mabati. Baadaye bahari ilizidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa majini. Wao wakaendelea kuingia baharini maji yanapokupwa.

Basi, msomaji, tunapoandika historia ya visiwa hivi kwa karafuu na meli, tuulize pia: siku karafuu isipochumwa, nani alilisha nyumba? Jibu limefungwa pindoni. Ni wajibu wetu kulifungua.