Kutahini na Kurudi katika Malezi ya Madaktari

Wasomaji wa lugha wajua kwamba kurudi kuna maana mbili: kwenda tena ulikotoka, na kumwonya mtu hata aache kosa lake. Kutahini ni kujaribu tu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia ya kuwalea madaktari wetu yaeleweka vema kwa kutenga maneno haya mawili.

Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka uo huo nchi za Nordiki zilianza mradi wao Kibaha, ambao pamoja na shule ulikuwa na kituo cha afya. Huko ndiko ilikotoka hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Mwaka 1968 chuo kile kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, Muhimbili.

Katikati ya safari hiyo lilitokea Azimio la Musoma, Novemba 1974. Lilikataa kutegemea mno mitihani ya kuandika, likataka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe siku zote. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini wengi walilielewa nusu. Mtihani uliokatwa vipande kumi ungali mtihani, maana kila kipande hutoa alama, na alama haisemi kosa liko wapi.

Tumfikirie daktari mtarajali, aliyekwisha kupata shahada naye yumo katika mwaka wake wa kazi chini ya uangalizi. Amwandikia mtoto dawa bila ya kumpima uzito. Akiambiwa papo hapo, "Mpime kwanza, kisha ukokotoe upya," mtoto hupata dawa yake kwa kiasi, na daktari hasahau. Akipewa alama 60 mwisho wa mwaka, hajui alikosea nini, na watoto wengine wamekwisha kupita mikononi mwake. Asomeaye ubingwa naye ni vivyo hivyo, na hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa wachache huthubutu kumwonya.

Siku hizi twasema mrejesho, na neno ni zuri. Lakini fikira yake si ngeni. Kwa desturi ya Wazaramo wa Kisarawe mwali alifundwa ndani, naye kungwi hakungoja siku ya kumtoa ndipo amwambie kasoro zake. Alimrudi faraghani, kungali na wakati wa kujifunza. Hapo pana fundisho kwa walimu wa wodini: kumkaripia kijana mbele ya mgonjwa si kumrudi, bali ni kumfundisha kuficha makosa.

Na tukumbuke kwamba sahihi na siha ni maneno ya shina moja. Kosa la tabibu lisiposahihishwa mapema, siha ipoteayo si yake, ni ya mgonjwa.