Ukweni Nako ni Jamii: Mtu na Watu Wake katika Riwaya za Ukerewe

Mjadala wa falsafa ya Kiafrika kuhusu mtu na jamii yake huanzia kwa John Mbiti, aliyeeleza mwaka 1969 kuwa uwepo wa mtu hutegemea uwepo wa wenzake. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti aliisogeza hoja hiyo mbele: mtu hazaliwi na utu kamili, bali huufikia kadiri anavyotimiza wajibu wake kwa watu. Kwame Gyekye akapinga. Kwake, uwezo wa kupima jambo na kuchagua hautolewi na ukoo, na kwa hiyo mtu anaweza kuihoji mila iliyomlea. Lakini pande zote mbili huzungumza kana kwamba jamii ni moja na ina kauli moja. Hapo ndipo nina shaka, na shaka yangu inatoka Ukerewe.

Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Wahusika wake wakuu, mume na mke Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, hawana mtoto. Kwa Mbiti, aliyeona ndoa na uzazi kuwa njia ya mtu kuendelea kukumbukwa, hilo ni pengo kubwa. Ndugu wa mume wanamsimanga mke na kumtaka mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anakubali.

Je, huyu ni mtiifu au mwasi? Si yeyote kati ya hao. Shinikizo la ndugu zake analikwepa kwa kujifunga kwa wakwe, na wakwe nao ni jamii, wana mila na madai yao. Anapata nafasi ya kuchagua kwa sababu anadaiwa na pande mbili zisizopatana. Bugonoka nafasi yake ni finyu zaidi: wazazi wanamchukua, mume anamfuata. Hata hivyo, kama kungekuwa na ukoo mmoja tu wenye kauli, ndoa yao ingevunjika kurasa za mwanzo. (Wanafalsafa wetu hupenda sana kunukuu methali. Riwaya ingewasumbua zaidi.)

Hali ikoje pale kauli inapokuwa moja kweli? Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji waliunda Sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Adhabu yao iliyoogopwa sana ilikuwa kutengwa: hakuna wa kukusalimu, kukuuzia kitu wala kukusaidia shambani. Wizi ulipungua sehemu nyingi, na sioni haya kuwasifu kwa hilo. Lakini baadhi ya vikundi viliwageukia pia wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Mshukiwa wa namna hiyo angekwenda ukweni gani, ikiwa kijiji kizima na vijiji jirani vimekula kiapo kimoja?

Euphrase Kezilahabi, naye mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anaishia kujiua. Wahakiki wengi huuona hapo udhanaishi wa Ulaya, nao hawajakosea. Ila mimi namwona mtu ambaye elimu imemtoa kwenye ukoo bila kumpa watu wengine wenye haki ya kumdai. Hakuna anayemtoza faini, hivyo hana pa kwenda kuilipa.

Mfuasi wa Menkiti atajibu kwamba ndugu na wakwe wote ni jamii ileile kwa upana wake. Nakubali, ila kwa gharama: akisema hivyo, hawezi tena kudai kwamba jamii ndiyo inayoamua nani amefikia utu. Mbele ya Myombekere jamii hiyo ilitoa hukumu mbili, na ilibidi yeye aamue ipi aifuate.