Mgomo wa Intaneti dhidi ya SOPA na PIPA
Maandamano ya mtandaoni yaliyofanyika Marekani tarehe 18 Januari 2012 kupinga miswada miwili ya hakimiliki, SOPA ya Baraza la Wawakilishi na PIPA ya Seneti. Miswada hiyo ililenga tovuti za nje zinazosambaza kazi za wizi, lakini ilitishia hata tovuti halali zinazotegemea michango ya watumiaji. Wikipedia ya Kiingereza ilifungwa kwa saa 24, na uamuzi huo ulijadiliwa na wanajumuiya wake zaidi ya 1,800. Msomaji alikuta ukurasa mweusi na kisanduku cha kujaza msimbo wake wa posta ili apate mawasiliano ya mbunge wake. Google ilifunika nembo yake kwa weusi. Tarehe 20 Januari miswada yote iliahirishwa, wala haikupigiwa kura tena.