Kuku Aliyewashinda Walimu wa Sinema

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wachache walianza kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Mradi huo, Bantu Educational Kinema Experiment, uliendeshwa huko na L. A. Notcutt, hasa kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Wenyeji ndio walioigiza, maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha lori lenye projekta likazunguka toka Tanganyika na Kenya hadi Nyasaland. Watu wakaonyeshwa namna ya kuweka akiba posta na kujikinga na safura.

Mradi ulikwisha mwaka 1937, lakini hoja ikabaki: mtazamaji anaangalia nini hasa?

William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka. Apewe picha ndefu, za polepole, zisizo na mambo mengi. Baadaye John Wilson wa London alisimulia kisa kilichovuma mno. Kijijini, filamu ya dakika kama 5 iliyotengenezwa na mkaguzi wa afya ilionyesha, taratibu kabisa, namna ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu. Watu zaidi ya 30 walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama kuna kuku. Wakaipitia filamu picha moja moja, wakamkuta: alikurupuka pembeni, chini kulia, kwa sekunde moja hivi.

Wilson akahitimisha kuwa watu wale hawajajifunza kuisoma picha nzima. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Katika filamu iliyotambaa vile, kuku ndiye pekee aliyekwenda mbio, na kitu kinachokurupuka huvuta jicho la yeyote, awe London au Lushoto.

Mrusi Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alipima mienendo ya macho ya watu waliotazama mchoro mmoja wa mchoraji Repin. Alipowauliza umri wa waliochorwa, macho yalikwenda kwenye nyuso; alipouliza hali yao ya maisha, yakahamia kwenye mavazi na samani. Katika simulizi ya Wilson, hakuna swali walilopewa wanakijiji wale kabla ya filamu.

Watafiti wa video za masomo mtandaoni, akiwemo Richard Mayer wa Marekani, siku hizi hawaanzi kwa kumlaumu mtazamaji, bali huanza kwa kuikagua video yenyewe: wanaweka mshale panapoelezwa, wanaondoa mapambo yasiyohusu somo, na wanapima kama uso wa mwalimu pembeni unamnyang'anya mwanafunzi mchoro anaopaswa kuutazama.