Mama, Nitilie: Historia Fupi ya Kula Nyumbani kwa Mpishi, Mwanza

Siku hizi mijini kuna mtindo wa mpishi kufungua sebule yake. Anapanga viti vichache, wageni wanaweka nafasi kwa simu, na kila mtu anakula alichopika mwenye nyumba siku hiyo. Unasifiwa kama jambo jipya. Sisi wa kandoni mwa ziwa tunauliza: jipya lipi?

Mchukue Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ila toleo la Kiswahili likasubiri hadi 1980. Humo hukuti hoteli. Msafiri anakula kwa watu. Hata ndoa ya Myombekere ikiyumba, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi ndipo mke arudi. Chakula mle ni deni, lakini haliishi kwa hela. Linaishia kwa wewe nawe kumkaribisha mwingine.

Hela ikaja na mji. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukumani ikapata njia, na mji ukajaa vibarua na wachuuzi wasio na shangazi wala mjomba wa kuwapikia. Mji wa watu wasio na ndugu lazima uwe na mama wa kuwauzia ugali. Lile jina la mama ntilie ukilisikiliza vizuri ni ombi: mama, nitilie. Mteja ana hela mkononi, lakini anaomba kama mtoto wa nyumbani. Jina la heshima la leo, mama lishe, ni zuri, ila sauti ya mlaji haimo tena.

Mwaka 1983 serikali ilipoanzisha Nguvu Kazi, watu wa mijini waliohesabiwa kuwa hawana kazi maalumu walikamatwa na kupelekwa vijijini. Sufuria barabarani ikawa ushahidi. Si vigumu kuelewa kwa nini jiko la uani, nyuma ya pazia la mlango, lilikuwa na usalama zaidi.

Halafu sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa, na aina nyingi za furu zikapotea. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza. Minofu ikaenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilipoyaonyesha hayo mwaka 2004, mjadala ukawaka, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Watu walibishana kuhusu sifa ya nchi. Mimi naona swali kubwa lilikuwa dogo zaidi: jioni hii, mama anayepika hatua chache kutoka majini anaweka nini sahanini?

Ninakula mara kwa mara kwa mama mmoja Igogo. Sebule yake ina benchi mbili na meza yenye kitambaa cha plastiki. Siku moja nikamuuliza, "Shikamoo mama. Samaki wapo?"

"Marahaba. Wamepanda ndege, mwanangu. Dagaa wamebaki."

Tulicheka wote, lakini ulikuwa muhtasari wa miaka thelathini. Dagaa wenyewe walikuwa watamu, na nsansa pembeni. Kijana aliyekaa karibu nami hakuwa na hela. Mama aliandika kwenye daftari, akamwongezea ugali bila kuombwa, akamuuliza kama baba yake amepata nafuu.

Hapo ndipo ninapoona Kitereza hajafa. Bei ipo, na lazima iwepo, mama naye ananunua mkaa. Lakini nyumbani kwa mpishi mlaji bado ana baba anayeumwa, na deni bado lina uso. Samaki akiendelea kupanda bei, hilo daftari litajaa, na mama hawezi kulibeba peke yake. Siku atakapolifunga, Mwanza haitakosa migahawa. Itakosa mahali pa kusema: mama, nitilie.