Kisu cha Mhunzi wa Kilimanjaro

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa letu, mara nyingi twataja ngoma, mashairi na masimulizi, tukapita mbele ya kibanda cha mhunzi bila kubisha hodi. Hata hivyo uhunzi nao ni elimu, na manufaa yake yaonekana katika kisu kinachomenya ndizi mbichi jikoni Majengo, mjini Moshi, na katika panga linalofyeka majani kihambani huko mlimani. Nia yetu katika insha hii ni kuonyesha kwamba ubora wa chombo cha namna hiyo haupimwi kwa ukali peke yake.

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Usemi huo ni wa kweli, lakini mhunzi huongeza swali la pili: je, makali hayo yatadumu? Chuma laini hunoleka upesi, nacho huwa butu upesi. Chuma kigumu hushika makali kwa muda mrefu, lakini kikizidi ugumu humeguka kinapogonga jiwe. Na mashamba ya Kilimanjaro, yaliyo juu ya mlima wa volkeno, hayakosi mawe. Basi kazi ya mhunzi ni kupatanisha sifa mbili zinazovutana: ugumu wa kutunza makali, na ustahimilivu wa kupokea pigo bila kuvunjika.

Elimu hiyo ni ya zamani. Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Uchagga walipata chuma kutoka milima ya Upare, hasa Ugweno, ambako mchanga mweusi wenye chuma uliokusanywa vijitoni na kuchomwa kwa makaa katika matanuri. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, mafundi wa chuma, ulivyotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Huko nyundo na enzi vilikaa mkononi mwa watu wale wale.

Tanuri la namna ile halikufanya chuma kiwe maji. Lilitoa bonge lenye matundu na taka, na kaboni iliyotoka katika makaa haikuenea sawasawa: sehemu moja ikawa chuma laini, nyingine ikawa pua. Bonge hilo lilipashwa na kufuliwa mara nyingi, mpaka taka zikatoka na chuma kikashikana. Hivyo chuma laini na pua vilikaa pamoja katika chombo kimoja. Wahunzi wa Japani na wa Skandinavia waliupanga mchanganyiko huo kwa makusudi, wakaunganisha pua ngumu na chuma laini kwa matabaka, ili makali yawe magumu na mwili wa kisu uwe stahimilivu. Wala Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery, baada ya kuchunguza mabaki ya matanuri ya Buhaya na kufanya kazi na wazee wa huko, walitangaza kwamba mababu wa nchi ile walipata chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Katika karne ya 19 misafara ilileta waya za chuma kutoka pwani. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, bidhaa za viwanda vya Ulaya zikaja kwa wingi. Matanuri ya Upare yakazimika, lakini kufua hakukufa. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, waliendelea na kazi, na vyuma chakavu vikashika nafasi ya bonge la Ugweno.

Chukua mfano wa springi ya gari, ambayo ni pua yenye kaboni ya kadiri. Fundi akiipasha mpaka iwe nyekundu na kuizamisha ghafula, huwa ngumu mno, hata huweza kupasuka. Kwa hiyo huisugua, kisha huipasha tena kwa moto mdogo, akitazama rangi zinazopita juu yake: kwanza manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Akikomea kwenye manjano, amechagua ugumu. Akingoja buluu, amechagua ustahimilivu. Kisu cha jikoni chaweza kukomea mapema; panga la shamba sharti lingoje. Tena akizamisha makali tu, mgongo ukapoa polepole, hupata katika kipande kimoja ile faida ambayo wengine waliitafuta kwa matabaka.

Serikali iliunda SIDO mwaka 1973 ili kuendeleza viwanda vidogo, na jambo hilo ni jema. Lakini mashine yaweza kununuliwa wakati wowote. Jicho linalotambua rangi ya chuma hufundishwa na jicho jingine, karibu na moto. Samaki mkunje angali mbichi. Vijana wakae na wahunzi wetu wangali hai, wajifunze na kuandika, kwani mzee akiondoka na elimu hiyo, hakuna duka litakalotuuzia tena.